Nyusi za Kulwa Usoni kwa Doto

Ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi ya kufuta nyusi za kuchorwa, kuna jambo ambalo hamtaambiwa kwenye mafunzo: leza ina harufu. Si mwanga wenyewe unaonuka, ni nywele zinazoungua, lakini mkishakaa nao chumba kimoja kutwa nzima hamtaweza tena kuvitenganisha. Mimi nimestaafu. Mikono imeanza kutetemeka, na mashine ile haitaki mkono unaotetemeka. Ila mpaka leo, jirani yangu hapa Malangali akibabua kuku, mguu wangu wa kulia unajinyoosha wenyewe chini ya meza kutafuta pedeli.

Kazi yangu niliifanyia mtaa wa Chanji, katika chumba cha nyuma cha duka la vitenge la Mama Salma. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa ngozi Mbeya, na huko ndiko nilikofundishwa leza na mama mmoja mkali, Mama Rehema. Alipoamua kwenda kupumzika kwa watoto wake aliniachia mashine yake ya zamani, nikaifunga mablanketi, nikapanda nayo basi kuja nyumbani Sumbawanga. Kondakta aliniuliza kama ni maiti ya mtoto. Nikamwambia ni taa.

Mnaijua sifa ya uchawi ya mji wetu. Ukifika Dar ukasema umetoka Sumbawanga, mtu anacheka kwanza, halafu anakuomba usimtumie radi. Sasa nifikirieni mimi, mwanamke niliyerudi na boksi linalotoa mwanga na mlio wa ta, ta, ta, tena nimefunga pazia jeusi dirishani mchana kweupe. Haukupita muda watoto wa mtaani wakawa wanasema kwa Mama Salma kuna mama anafuga radi. Balozi wa nyumba kumi akaja, nyuma yake wazee wawili, wote wamejifunika makoti, maana ilikuwa Juni na baridi ya Juni huku juu mnaijua.

"Mama, tumekuja kwa amani," akasema balozi. "Tunataka tu kuiona."

"Kuiona nini, mzee wangu?"

"Hiyo unayofuga."

Nikamvalisha miwani ya kinga, nikawavalisha na wenzake, nikachukua kipande cha gazeti, nikalenga herufi moja kubwa na kukanyaga pedeli. Ta. Herufi ikaondoka. Karatasi ikabaki nzima, haina hata tundu. Mzee mmoja akaishika, akaigeuza upande wa pili kuona kama herufi imetokea huko.

"Imekwenda wapi?" akauliza.

Nikawaeleza kwamba mwanga huu unachagua. Kwenye cheupe haushiki, unakwenda kukamata cheusi na kukivunja kuwa vumbi. Balozi akavua miwani taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Sasa mama," akasema, "na sisi watu weusi je?"

Mngekuwepo mngecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile ndilo swali lote la kazi yetu, na balozi alilifikia kwa dakika moja wakati kuna mafundi wenye vyeti ukutani hawajalifikia mpaka leo. Mashine haijui wino ni upi, ngozi ni ipi na unywele ni upi. Inachojua ni weusi. Wino wa nyusi umelala ndani ya ngozi, na nywele za nyusi zimesimama juu yake, kwa hiyo mwanga ukishuka unakutana kwanza na nywele. Unywele unageuka mweupe papo hapo, mbele ya macho yako, kama umezeeka kwa mpigo mmoja. Mara nyingi mzizi haufi, na baada ya miezi kadhaa unaota mweusi tena. Nimesema mara nyingi. Sikusema kila mara.

Mama Rehema alikuwa na namna yake, nami nawapa kama nilivyopewa. Nyusi unazichana kwa kiburashi zisimame. Kisha unachukua krimu nyeupe ya zinki, nzito, na kijiti chenye ncha, unapaka unywele mmoja baada ya mwingine, unauvika weupe, bila kuijaza ngozi iliyo katikati, maana ukiijaza ngozi na wino nao umeufichia. Mwanga ukija unaona nywele nyeupe, unaziacha, unashuka kwenye wino. Nguvu unaanza na ndogo kabisa, na doa la kwanza unalijaribu ukiachia nafasi mteja arudi nyumbani akae wiki, ndipo uendelee. Ni kazi ya kuumiza kiuno. Mara ya kwanza nilipoifanya nililalamika kwamba saa nzima imekwisha na sijafuta chochote.

"Rangi aliinunua," Mama Rehema akanijibu bila kuinua uso. "Nywele alizaliwa nazo. Wewe unaharakia ipi?"

Kuna wanaonyoa nyusi za mteja ili kazi iwe nyepesi. Msinyoe. Ukishanyoa huoni tena nywele zilikuwa zinaelekea wapi, na visiki vilivyobaki vinafanana na nukta za wino, utavipiga vyote. Na kuna mashine mbili zinazofanana kwa nje, ya kufuta wino na ya kuua nywele. Nimempokea mama wa watu aliyefutwa nyusi kwa ile ya pili, mahali sitapataja. Wino ulikuwa bado upo, wa kijani kibichi, na nywele zilikuwa zimekwenda zisirudi. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu na paji lake la uso tupu, ananiuliza kama kuna dawa. Niliumia sana siku ile, nikafunga mapema.

Halafu kuna wino unaogeuka. Mama Salma mwenye duka alichorwa nyusi za rangi ya kahawia yenye wekundu alipokwenda harusini Tunduma, mumewe anayeendesha malori akazichukia tangu siku ya kwanza. Nikapiga doa moja dogo pembeni la kujaribu. Ile kahawia ikawa nyeusi tii, hapo hapo, kama tone la wino limedondoka kutoka darini. Mama Salma akajitazama kwenye kioo akasema, "Bismillahi, umeita nini?" Sikuita kitu. Wino wa namna ile una madini ndani yake, ukipigwa mwanga unageuka, na inabidi kuufuta upya ukiwa mweusi. Lakini nendeni mkamweleze hivyo mtu ambaye uso wake umebadilika rangi akiwa anautazama kwenye kioo. Alikaa wiki nzima amejitanda ushungi mpaka kwenye kope, akawa anauza vitenge kwa sauti tu.

Jambo jingine la hapa kwetu. Mtu wa hapa haachi nywele zake saluni. Hata mkimcheka, atainama, ataziokota, atazifunga kwenye karatasi na kuondoka nazo, maana hajui nani atazikuta. Mimi nilikuwa nakusanya pamba niliyofutia na kumkabidhi mteja bila kuombwa. Tatizo la leza ni kwamba hakuna cha kumkabidhi. Wino hautoki. Unavunjika ndani, na damu inauchukua kidogo kidogo. Wateja wengi nikiwaeleza hivyo wanatikisa kichwa tu. Doto hakutikisa kichwa.

Huyu Doto ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Alikuwa fundi cherehani hapo Chanji, mwanamke mwembamba, mpole, wa miaka thelathini na kitu. Alikuja mvua zikiwa zimeshachanganya, amefunga kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vua tukuone."

Akavua. Nikaona nyusi nzuri, nawaambia kweli, kazi safi, zimepanda juu kwa mkunjo mmoja na kushuka kwa adabu. Nikamwambia aliyekuchora anajua, kwa nini unataka kuzifuta?

"Si zangu," akasema.

"Ni za nani?"

"Za Kulwa."

Kulwa alikuwa pacha wake. Aliolewa Mbeya, akaugua ghafla, akafia huko na kuzikwa huko. Mama yao, mkulima wa Ilemba kule chini bondeni, alikuwa mwenyewe yuko hoi kitandani wakati ule, kwa hiyo hakumwona maiti wala hakutupa udongo. Baada ya msiba Doto alishindwa kukaa. Akachukua picha ya Kulwa, akampelekea mchoraji wa nyusi Mbeya, akamwambia nichore hizi hizi. Alitaka asubuhi akinawa uso, amwone ndugu yake kwenye kioo.

"Na nilimwona," akaniambia. "Siku za kwanza nilifurahi mno, mama. Nilikuwa nampa habari."

Kisha akashuka Ilemba kumsalimia mama yake, aliyekuwa ameanza kupata nafuu. Mama akamwona anaingia uani, akanyanyuka kwa mara ya kwanza tangu augue, akasema, "Kulwa, umerudi." Mama alikuwa analia kwa miezi, na sasa amecheka. Ungekuwa wewe ungemsahihisha? Doto akajiambia atamsahihisha kesho. Kesho ikawa hivyo hivyo. Na msidhani yule mama alikuwa amechanganyikiwa. Alijua bei ya gunia la mahindi, alijua mbuzi wa nani ameingia shamba la nani. Kwa kila jambo jingine alikuwa timamu.

Lakini alikuwa anajua pia kwamba mtoto wake mmoja amekufa. Na kama Kulwa yupo, anakula ugali hapa, basi aliyekufa ni yupi?

Novemba ikafika, mwezi wa kuwaombea marehemu. Doto akaenda na mama yake kanisani kigangoni. Katekista akawa anasoma majina yaliyoletwa na familia, moja moja, watu wanaitikia. Akasoma, "Marehemu Doto." Ni mama yake aliyelipeleka. Na mama akamshika Doto mkono pale kwenye benchi, akamwinamia sikioni: "Pole, Kulwa. Ndugu yako atapumzika."

"Nikaitikia, mama," Doto akaniambia. "Watu wote waliitikia, na mimi nikaitikia."

Nikalivuta jiko la mkaa karibu na miguu yangu.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu mama yake ukweli. Akasema amemwambia. Amemwambia kwa Kifipa na kwa Kiswahili, amemletea hadi katekista. Mama anamtazama nyusi, anamhurumia, anasema msiba umekuvuruga, Kulwa wangu. Hapo Doto akainama, akaweka kidole kwenye mwanzo wa unyusi wa kushoto, karibu na pua, akaniomba nimulike. Nikamulika kwa taa yangu ya kichwani. Chini ya mistari ya wino, nywele zake halisi zilikuwa zinageuka na kuzunguka, duara dogo, kama maji yanapoingia kwenye tundu. Mchoraji alikuwa amepitisha mistari juu yake, ikaelekea kwingine kabisa, jicho lisilotafuta lisingeliona hilo duara.

"Kulwa hakuwa na alama hii," akasema. "Tulipozaliwa mama alitutambua kwa hiyo. Usiku kibatari kimezimika alikuwa anapapasa hapo ajue nani amenyonya. Sasa akiziona nyusi hizi hataki hata kupapasa. Ukiniunguzia nywele za hapo, mimi sina kitu kingine. Nitakufa na yeye ananiombea mapumziko."

Mama yake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Wote wawili tulijua kwamba muda tulionao si wa kuchezea, na kazi hii haiendi kwa haraka.

Sijawahi kupaka krimu kwa uangalifu kama nilivyompaka Doto. Lile duara nililipaka kwa ncha ya sindano isiyochoma, unywele kwa unywele, huku nimebana pumzi. Nikamfunika macho kwa vikinga vya chuma, nikafunga mlango kwa komeo, nikavaa miwani yangu. Akauliza, wino ukivunjika unakwenda wapi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba unaingia mwilini.

"Kwa hiyo Kulwa ataingia ndani," akasema.

"Ni wino, mwanangu. Kulwa yuko kaburini Mbeya."

"Mama hajaliona hilo kaburi," akanijibu, na mimi nikakanyaga pedeli.

Ngozi ikipigwa inatoa ukungu mweupe kwa dakika chache, kisha unapotea. Nilipomaliza, nyusi zote mbili zilikuwa nyeupe, za krimu na za ukungu. Nikamvua vikinga, nikampa kioo. Akajitazama muda mrefu. Akasema, "Mama," na hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anamwona mama yake mzazi. Nilimpokonya kile kioo. Tangu siku ile nikawa simpi mteja kioo mpaka ukungu uishe, na ninyi fanyeni hivyo hivyo.

Miezi ikapita hivyo, anakuja, anapona, anarudi. Wino hautoki sawasawa. Kuna wakati kulia alikuwa Kulwa mzima na kushoto ameanza kuwa Doto, na nikiongea naye nilijikuta nachagua upande wa kutazama. Ilemba aliendelea kwenda, kitambaa amekishusha usoni, kwa mama yake bado ni Kulwa. Siku moja akarudi akaniambia mama amemnusa nywele. "Ameniuliza, Kulwa, mbona unanukia moto? Kwenu huko mnakaa kwenye moto?" Nilimwambia aoge kwa sabuni ya mche kabla ya kwenda.

Sasa nisikilizeni hapa. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka, dukani kwa Mama Salma watu wanapatana bei. Doto amelala, macho yamefunikwa, mlango nimeufunga komeo kwa mkono wangu. Nilikuwa nimebakiza mistari michache tu, ile iliyopita karibu na duara.

"Nani ameingia?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Amenishika mkono."

Na akaunyanyua ule mkono, akajifuta usoni, kama mtu anayeondoa utando wa buibui. Mguu wangu ulikuwa umeshashuka. Ta. Nikaona krimu imefutika kwenye duara, na nywele za katikati zimekuwa nyeupe pe.

Mimi nimeuguza watu. Najua mtu akifunikwa macho kwa chuma anasikia damu yake mwenyewe inapita na kudhani ni nyayo. Huo ndio ufafanuzi na ninausimamia. Lakini nilikwenda kuangalia komeo, nikalivuta mara mbili. Lilikuwa limefungwa vile vile.

Doto hakulia. Aliuliza tu, "Zimekufa?" Nikamwambia zimebadilika rangi na zikipapaswa zitakatika, mzizi sijui. Akaniomba nizipake piko ziwe nyeusi, aende zake Ilemba. Nikakataa. Akataka kuzing'oa ili ziote upya. Nikampiga kofi mkononi, ndiyo, mteja wangu, mtu mzima. Unywele uliopigwa leza unauacha ulivyo. Huung'oi, huupaki rangi, huupigi tena. Unasubiri. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kazi yetu na hakuna mashine inayokusaidia. Mistari iliyobaki niliiacha wiki zipite, kisha nikaimalizia kwa nguvu ndogo, nimefunika duara lote kwa krimu na kipande cha pamba iliyolowa, na mikono yake nimeifunga kwa kitenge. Hakuna aliyemshika mara hii, au kama alishikwa hakuniambia.

Tukasubiri. Mahindi yakakomaa, yakavunwa. Habari za Ilemba zikawa mbaya, mama amevimba miguu, mama halali chali. Kila Jumamosi Doto alifungua kitambaa mbele ya taa yangu na mimi nikatazama. Nyeupe. Nyeupe. Nilianza kumwogopa anapoingia, nawaambieni kwa uwazi, nilikuwa nasikia cherehani yake imenyamaza kule mtaani, najua anakuja.

Watu walikuwa wanavuna ulezi aliponiita kwake, badala ya yeye kuja kwangu. Nikamulika. Nywele za duara zilikuwa nyeupe nchani, na shinani zilikuwa nyeusi, zimeota, zinazunguka kama zilivyozunguka tangu kwa mkunga. Nilikaa chini kwenye vipande vyake vya nguo. Nikachukua mkasi mdogo, nikakata zile ncha nyeupe, na Doto akatandaza leso kuzipokea moja moja, akaifunga fundo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimempa mteja wa leza kitu cha kuondoka nacho.

Akaniomba nimsindikize. Tukashuka mteremko wa Lyamba kwa gari la mizigo, joto la bondeni likitupanda kadiri tunavyoshuka, mpaka makoti tukayavua. Mama yake tulimkuta uani kwenye mkeka, anapukuchua mahindi, miguu imevimba kweli lakini mikono inakwenda. Doto alikuwa hajafunga kitambaa. Uso wake ulikuwa wake, mtupu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Karibuni," mama akasema, akamtazama Doto kwa adabu, kama unavyomtazama mtu wa kijiji kingine. "Wewe ni nani, mwanangu?"

Doto alipiga magoti kwenye mkeka, akamshika mama yake mkono wenye vumbi la mahindi, akauleta usoni. Kidole gumba cha mama kikafika pale karibu na pua. Kikapapasa nywele kwenda mbele, kikapapasa kurudi nyuma, kikazunguka. Mama akafumba macho, akafanya tena.

"Doto," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Akamvuta kichwa kifuani, akacheka, akamwita kwa majina ya utotoni ya Kifipa ambayo sitayataja. Mimi nilisimama pale nikilia, sioni haya kusema. Nikajiambia, kazi yangu yote, viuno vyote vile vilivyouma, ni kwa ajili ya hiki.

Kisha mama akamwachia. Akanyanyua uso, akatazama njia tuliyojia, zaidi ya bega langu, kama kuna mtu wa tatu aliyebaki nyuma. Akangoja. Akamtazama Doto tena, akamgusa pale tena.

"Basi ni Kulwa," akasema.

Doto akamshika mkono.

"Jumapili alikuwa hapa," akasema mama. "Alikaa hapo ulipokaa. Tulikula naye."

Ndipo akatoa kile kilio. Mnakijua, kile cha kwanza, cha mtu aliyepata habari saa hiyo hiyo. Doto akamkumbatia, naye akaanza, na sauti zao zikawa moja, siwezi kuwaambia ipi ilikuwa ya nani. Majirani wakasikia. Wanawake wakaja mbio kutoka mashambani, mikono ina udongo, watu ambao wote walijua Kulwa amezikwa Mbeya muda mrefu. Wa kwanza akasimama mbele ya mkeka akihema.

"Nani?" akauliza.

"Kulwa," Doto akasema.

Yule mwanamke alimtazama Doto usoni kitambo. Kisha akaifungua kanga yake begani, akaitandika chini, akakaa kulia nao, na waliofuata nao wakakaa.